Kabla ya mgao, ulizeni madeni

Kwenye misiba mingi ya kwetu kuna dakika moja ambayo kila mtu mzima anaijua. Mazishi yameisha, au ndo siku ya kuondoa matanga, msemaji wa familia anasimama anashukuru waliokuja na waliochanga, alafu anasema kama kuna mtu alikuwa anamdai marehemu, au marehemu alikuwa anamdai yeye, ajitokeze kwa familia, asikae kimya. Hadharani kabisa, mbele ya majirani na mchungaji au shehe, na hakuna hata mmoja anayeona kwamba hiyo ni tamaa au uchuro. Mi naamini pale ndo ulipo mlango wa hili jambo ambalo familia nyingi zinalikimbia, yani kuongea habari za urithi mzee akiwa hai. Swali lile lile ukimuuliza baba mwenyewe jioni anakunywa chai atalijibu vizuri kuliko ukoo mzima, kwa majina na kwa tarehe. Sisi tunasubiri afariki alafu tunawauliza majirani.

Shida yetu ni kwamba tunaanzia mwisho. Tukisikia urithi tunafikiria mgao, nani anachukua nyumba, nani shamba. Mtoto akiingia sebuleni akauliza "baba, ile ploti ya Kibaha itakuwa ya nani?" hata kama moyo wake ni msafi mzee atasikia kitu kingine, atasikia kumbe mnanisubiri. Na siwezi kumlaumu kwa kusikia hivyo kwa sababu swali limekaa hivyo hivyo, ni swali ambalo jibu lake halifanyi kazi mpaka yeye asiwepo. Anajibu "unanichuria?" na mazungumzo yamekufa hapo. Aliyeuliza atabaki na sifa ya mwenye tamaa miaka na miaka, na Mungu apishe mbali mzee akiugua mwezi huo huo, basi hapo ndo ameisha kabisa machoni pa shangazi zake.

Ukiuliza habari za madeni mambo yanabadilika, maana deni ni la mtu aliye hai. "Baba, kuna mtu tunadaiwa? Hati ya nyumba iko wapi, ipo hapa au iko benki? Ule mkopo wa SACCOS ulimdhamini nani?" Hayo ni maswali ya mtoto anayetaka kumsaidia mzee sasa hivi, na mzee mwenyewe mara nyingi anatafuta mtu wa kumweleza kwa sababu mizigo hiyo anailala nayo peke yake.

Na hata ukienda kwenye sheria utakuta utaratibu ni huo huo. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa na mahakama kazi yake ya kwanza ni kukusanya mali, alafu analipa gharama za mazishi na madeni, kinachobaki ndo kinagawiwa kwa warithi. Kwa Waislamu ipo wazi kwenye Suratun Nisaa aya ya 11 na ya 12, mafungu yote yanatajwa kuwa ni baada ya wosia na deni, na mahari ambayo mume hakuwahi kumlipa mkewe nayo ni deni linalotoka kwenye mali kabla mtoto yeyote hajashika kitu. Kwahiyo kuanza na madeni wala sio ujanja wa kumzunguka mzee, ndo mpangilio wenyewe.

Sasa najua kuna watu watasema mbona jibu ni rahisi, aandike tu wosia. Ushauri huo unatolewa kila mahali na ni mzuri, RITA, ule wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanaandika na kutunza wosia, mawakili wapo, hata kanisani na msikitini watu wanahimizwa. Lakini mi nauona umebeba nusu tu ya kazi. Wosia ambao familia inausikia kwa mara ya kwanza siku ya kikao baada ya mazishi, watu wamechoka, macho yamevimba, ni chanzo cha ugomvi kama vile kutokuwepo kwa wosia, pengine zaidi, kwa sababu sasa kila sentensi inatafutiwa mchawi. Kwanini yeye kapewa ile, nani alikuwa anamuuguza mwaka ule, sahihi hii ni yake kweli? Mzee hayupo kujibu. Ndo unasikia pingamizi limewekwa mahakamani na mtoto wa tumbo moja dhidi ya kaka yake.

Alafu kuna hili la sheria ipi itatumika, na hapa Tanzania bara watu wengi hawalijui mpaka wafiwe. Mirathi inaweza kwenda kwa sheria ya kimila, au ya Kiislamu, au sheria ya serikali ambayo kwa asilia ni sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865 tuliyoachiwa na wakoloni, na mahakama inaangalia marehemu aliishi maisha gani, dini yake, alifuata mila kiasi gani. Mkristo aliyezaliwa Rombo akaishi Dar miaka arobaini lakini kila Desemba anapanda nyumbani na anakaa vikao vya ukoo, huyo aliishi kimila au hakuishi kimila? Ndugu zake watasema moja, mjane atasema lingine, na jibu litaamua mjane anapata nini. Kwa mila zilizoandikwa kwenye tangazo la serikali la mwaka 1963 watoto wa kike wamewekwa daraja la tatu, la mwisho, na mjane kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake hana fungu, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kwa sheria ya Kiislamu mjane ana moja ya nane mume akiacha watoto na moja ya nne asipoacha. Mtu mmoja, mali ile ile, ila njia tofauti kabisa, na mwenye uwezo wa kusema waziwazi "mimi maisha yangu nayaendesha hivi, na hivi ndo nataka" ni mzee peke yake na akiwa na akili zake timamu.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano ambao kila mtu kule anaujua. Mbiyu Koinange, waziri mkubwa enzi za Jomo Kenyatta, alifariki mwaka 1981 na kesi ya mali yake ikatembea mahakamani karibu miaka 40, wengine waliokuwa wanadai wakafa wakiwa bado wanadai. Na sehemu kubwa ya ubishi haikuwa hata ekari, ilikuwa nani alikuwa mke na nani hakuwa. Swali ambalo mwenyewe angelimaliza kwa kikao kimoja.

Turudi kwenye madeni, maana yapo ya aina nyingi na sio yote yameandikwa benki.

Deni ninaloliona linavunja familia nyingi kimya kimya ni la mtoto aliyejenga kwa wazazi. Tuseme kijana yuko Muscat au Minnesota, au yuko tu Dar ana kazi nzuri, anatuma hela mwaka baada ya mwaka, nyumba ya udongo inabomolewa inajengwa ya tofali na bati la kisasa, choo cha ndani, kisima. Kiwanja ni cha baba. Hakuna aliyeandika kitu kwa sababu nani anaandikishana na baba yake? Kichwani mwa yule kijana ile nyumba ni yake, amewajengea wazazi wakae na yeye atarudi. Kichwani mwa wadogo zake ile ni nyumba ya baba na kaka alisaidia kama mtoto anavyotakiwa kusaidia. Kichwani mwa kitinda mimba, hasa kama ni huku kwetu uchagani ambako kwa mila kitinda mimba ndo anabaki na nyumba ya wazazi kwenye kihamba, yani shamba la ukoo, ile ni nyumba yake tangu anazaliwa na yeye ndo alibaki akawauguza wazee, akawapeleka hospitali usiku, akaacha hata kwenda kutafuta maisha. Wote watatu ni wakweli! Hakuna mwizi hapo. Baba akifa bila kusema kitu hawa watu wanakutana kwenye kikao kila mmoja akiwa na haki yake kamili na wanaondoka wakiwa hawasalimiani. Na jibu lingeweza kutoka kwa baba kwa sentensi mbili, mwanangu hela zako ninazihesabu kuwa zawadi, au mwanangu hii nyumba ni yako na mdogo wako nitamkatia upande wa chini, vyovyote vile, ilimradi imesemwa mbele ya wote akiwa hai, na yule aliyeumia apate nafasi ya kuuliza.

Aliyebaki nyumbani anadai pia. Miaka yake ni mchango hata kama haina risiti, na naona tunawadhulumu sana hawa watu kwa sababu mwenye risiti za simenti ndo anasikilizwa.

Halafu kuna deni la mama, na hapa niseme nina uchungu. Tunasema "mali ya baba" kwa ulimi mwepesi sana. Mama kalima, kapika kwa mafundi wakati nyumba inajengwa, kauza maziwa, kalea watoto saba baba akiwa safarini, alafu baba akifa tunakaa kikao kujadili mali ya baba na mama yuko ndani na kanga kichwani hajaulizwa. Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilisema wazi kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Ile ilikuwa kesi ya talaka, lakini ukweli wake haubadiliki kwa sababu ndoa imeisha kwa kifo na sio kwa talaka. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza, jaji Mwalusanya, kwenye kesi ya Ephrahim na Pastory, akasema mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo kwa baba yake ana haki ya kuiuza sawa na mwanaume, wakati mila ya pale Kagera ilikuwa inamruhusu aitumie tu. Hata hivyo wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani, walitolewa kwenye nyumba zao na upande wa waume zao kwa kutumia zile zile kanuni za 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kwamba mila hizo ni za kibaguzi ila ikakataa kuzifuta, wakaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, na 2015 kamati ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Wameshinda kwenye karatasi baada ya miaka yote hiyo. Mi nikisoma habari yao nawaza tu, hivi wale waume zao wangewaita kaka zao jioni moja wakawaambia "nyumba hii ni yangu na mke wangu, nikiondoka asiguswe", si ingekuwa ngumu zaidi kwa mtu kuja na lori?

Ninajua kuna mashemeji wasiojali hata wakiambiwa. Lakini wengi wanaonyang'anya wanajificha nyuma ya neno "marehemu hakusema", na mtu aliyesema mbele ya mashahidi anawaondolea hilo neno.

Deni gumu kuliko yote ni la mtoto wa nje. Baba wengi wanaenda nalo kaburini alafu siku ya msiba anatokea kijana wa miaka kumi na sita anafanana na marehemu mpaka pua, kaja na mama yake wamekaa nyuma kabisa ya turubai. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu kumnyima mtoto kufaidika na mali ya mzazi wake, kwahiyo familia inayodhani itamfukuza tu yule kijana inajidanganya. Kwa Waislamu mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hamrithi baba, lakini baba ana theluthi moja ya mali anayoweza kumuusia mtu asiye mrithi, na akiwa hai anaweza kumpa hiba, kwahiyo anayetaka kumtunza mwanae njia anayo, ila lazima aitumie yeye mwenyewe kabla. Sisemi ni rahisi kumwambia mke wako jambo hili. Ni aibu, kuna usiku mbaya utapita nyumbani, pengine na zaidi ya usiku. Lakini mke akisikia kwako ana wewe wa kukugombeza, akisikia kwenye turubai ana yule mtoto tu wa kummalizia hasira.

Sasa nani aanze? Kwangu mwenye mali ndo mwenye wajibu. Mzee anayesubiri watoto wamuulize anawapa mtihani ambao hawana namna ya kuufaulu bila kuonekana vibaya. Akianza yeye, hata kwa daftari tu la shule kaandika ninachomiliki, ninachodaiwa, ninaowadai, karatasi ziko wapi, basi kazi kubwa imeisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari na walikuwa wanasema biashara, ila nyumba nayo ni hivyo hivyo, kuna watu wana ploti mbili tatu zimeandikwa mkataba wa serikali ya mtaa tu, shahidi ni mjumbe ambaye naye keshafariki, na hakuna mtoto hata mmoja anayejua mpaka uko wapi. Kenya walifika mahali wakatunga sheria mwaka 2011 na kuunda mamlaka nzima ya kushughulikia hela na hisa ambazo wenyewe hawajulikani walipo. Hizo ni hela za watu ambao hawakuwaambia wenzao.

Kama mzee hataki kuanza, mpitieni shangazi au rafiki yake wa siku nyingi, mtu wa rika lake ambaye hana cha kurithi pale. Mtoto akishika nafasi hiyo peke yake anachomeka. Wakwe na mashemeji kikao cha kwanza wakae pembeni, sio kwamba hawana akili, ila mzee hawezi kufungua madeni yake mbele ya mume wa binti yake. Na tafadhali msifanye kwenye grupu la WhatsApp, nimeona voisi za dakika nne nne zikiondoa watu kwenye grupu la familia mpaka leo hawajarudi. Desemba watu wanapokutana ndo wakati, ila siku ya pili au ya tatu, sio mkesha wa Krismasi watu wana pombe kichwani. Aliye nje ya nchi apigiwe aingie kwa simu asikie mwenyewe, asije akasimuliwa.

Kuna mambo mawili yawekwe sawa siku hiyo hiyo kwa sababu yanapotosha sana. Jina uliloandika benki au kazini kwenye fomu kama mtu wako wa karibu halimfanyi huyo mtu kuwa mwenye hela, benki nyingi zitamdai barua ya usimamizi kutoka mahakamani kama kawaida. Na msimamizi wa mirathi sio mrithi mkuu. Ni mtumishi wa warithi, mahakama ya mwanzo inamtaka ndani ya miezi 4 apeleke orodha ya mali na madeni, na akila mali anashtakiwa. Kaka mkubwa anayedhani akiteuliwa amekuwa bosi wa ukoo aambiwe hilo baba akiwepo, maana baba asipokuwepo nani atamwambia?

Baada ya hapo ndo mzee aandike wosia wake, na sasa hautamshtua mtu. Kwa wosia wa kimila wa maandishi mashahidi wanatakiwa wawe na wa ukoo na wa nje ya ukoo, wawili kama anajua kusoma na kuandika, wanne kama hajui, na anayepewa kitu asisaini kama shahidi. Muislamu asivuke theluthi na asimuusie mrithi bila wenzake kukubali. Nakala iende kutunzwa RITA au kwa wakili, Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana wanaoshughulika na mirathi ya Waislamu, na watoto wote waambiwe iko wapi, sio mmoja. Mzee akinunua kitu kingine, akikopa tena, au akizaliwa mjukuu anayetaka kumkumbuka, anafungua lile daftari anaongeza mstari na kuwaita tena, na kama wosia unabadilika aandike mwingine kwa mashahidi, maana wosia wa kimila wa maandishi hauwezi kufutwa kwa maneno ya mdomo hata ayaseme kitandani mbele ya watoto wote.